Jumapili ya Ng'ambo: Ibada na Wahubiri Walei Kisauni, Changamwe na Likoni

Jina la Jumapili lenyewe ni ushahidi kwamba siku hiyo ilifika pwani ikiwa mgeni. Waswahili huhesabu siku za juma kuanzia Ijumaa: Jumamosi ni ya mosi baada yake, Jumapili ni ya pili. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa Wachangamwe na Wajomvu ambao wote ni katika Mataifa Thenashara ya Mombasa, siku ya kukusanyika ilikuwa Ijumaa, na msemaji wake alikuwa khatibu. Nyuma yao, kwenye vilima vya Wamijikenda, juma lilikuwa na siku 4, na ya nne ndiyo iliyokuwa ya kupumzisha jembe. Kwa hiyo aliyetaka watu waache kazi siku ya pili baada ya Ijumaa, waketi pamoja na kumsikiliza mtu mmoja akisema, alileta desturi mpya kabisa. Desturi hiyo sasa ina karibu miaka 150 Kisauni, na tangu mwanzo wake imebebwa zaidi na watu ambao hawakuwekewa mikono na askofu yeyote. Anachokitazamia muumini wa leo kwa ibada ya Jumapili, na kwa anayesimama mbele kusema, kimetokana na historia hiyo.

Johann Ludwig Krapf wa Church Missionary Society (CMS) alifika Mombasa mwaka 1844. Mkewe Rosina akafariki mwezi Julai mwaka huohuo pamoja na mtoto wao mchanga, akazikwa ng'ambo, upande wa Kisauni. Johannes Rebmann alipowasili mwaka 1846, wamisionari hao wawili walihamia Rabai, na kwa miaka mingi Jumapili yao ilikuwa ya watu wachache mno. Kilichobadilisha mambo ni kuja kwa Waafrika wengine kutoka ng'ambo ya bahari.

Hao ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. Walikuwa watoto waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa, wakapelekwa Bara Hindi na kulelewa katika kituo cha CMS huko Sharanpur, karibu na Nasik. Walifunzwa kusoma, kuandika na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. William Jones na Ishmael Semler walifika Mombasa na wake zao mwaka 1864. George David naye alikuwa mmoja wa kundi hilo. Hawakuwa makasisi. Cheo chao kilikuwa ualimu wa dini, na kazi yao ilikuwa kila kitu: kufundisha watoto siku za kazi, kuongoza sala, kusoma Maandiko, kuhubiri na kuzika wafu. Wamisionari Wazungu walipougua au kwenda likizo, au kufa, jambo lililotokea mara kwa mara, ibada haikukatika kwa sababu watu hao walikuwapo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere. Manowari zikawa zinaokoa watu ambao hawakuwa na kwao pa kurudishwa. William Salter Price, aliyekuwa amesimamia kituo cha Nasik, akatumwa Mombasa mwishoni mwa 1874, na mwaka uliofuata CMS ikanunua ardhi Kisauni na kujenga kijiji kilichoitwa Frere Town. Mamia ya watu walioachiwa huru walishushwa hapo: Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine waliochukuliwa wadogo hata hawakumbuki kabila. James Mbotela, mwana wa mmoja wa wakazi hao, alisimulia habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, na hadi leo hakuna kitabu cha Kiswahili kinachomweka msomaji karibu zaidi na maisha ya kijiji kile.

Kijiji kilikuwa na kengele. Ilipigwa kuwaonya watu wakati wa hatari ya kushambuliwa na wenye watumwa, ikapigwa pia kuwaita kazini, shuleni na kwenye sala. Mahali iliposimama pakaitwa Kengeleni, na jina hilo ndilo wanalolitaja makondakta wa matatu hadi sasa. Inafaa kulifikiria jambo hili kwa makini, kwa kuwa limeacha alama katika ibada za ng'ambo. Kwa mtu aliyewahi kuuzwa, sauti ileile iliyomwambia adui anakuja ndiyo iliyomwambia sala imewadia. Kanisa halikuwa mahali pa kwenda kwa saa moja kisha kurudi nyumbani; lilikuwa ndiyo nyumbani. Huko ndiko mtu alikopewa jina, akapata mke au mume, na akapata wazee wa kumsemea. Muumini wa Kisauni anayelalamika leo kwamba aliugua wiki 3 na hakuna mtu wa kanisa aliyekuja kumwona analalamika kwa haki ya zamani.

Lugha ya ibada nayo ilijiamulia. Waafrika wa Bombay walijua Kiingereza na Kihindustani, wakazi wapya walikuja na lugha nyingi, na hakuna iliyoweza kuwakusanya wote isipokuwa Kiswahili. Lakini Kiswahili kipi? Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuwa akitafsiri Maandiko kwa Kiunguja. Mombasa, watu husema ndia pale Kiunguja kisemapo njia, na ndoo pale kisemapo njoo, na Kimvita ndicho kilichokuwa na washairi wake wakubwa. William Ernest Taylor, mmisionari wa CMS aliyekijua Kimvita kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, alishikilia kwamba neno la Mungu lisemwe Mombasa kwa lugha ya Mombasa. Agano Jipya la Kimvita lilichapishwa mwaka 1909 na Biblia nzima mwaka 1914. Mwaka 1952 ikaja Biblia ya Muungano iliyotumia Kiswahili Sanifu, na ile ya Kimvita ikasukumwa pembeni. Hasara hiyo haikutajwa sana, ingawa ilikuwa kubwa: maandiko yaliyosomwa mimbarini yakaacha kusikika kama maneno ya bibi nyumbani. Pengo hilo likazibwa na mhubiri. Akishafunga Biblia, mhubiri mzuri wa Kisauni hurudi kwenye lafudhi ya mtaani, na hapo ndipo vichwa huinuka.

Ili kuelewa kwa nini walei walipata nafasi kubwa hivyo, ni lazima kujua jinsi ibada ya Kianglikana inavyogawanyika. Kitabu cha Sala kinaruhusu Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni ziongozwe na msomaji asiye kasisi. Zina zaburi, masomo mawili, ungamo la imani, maombi na mahubiri. Meza ya Bwana inahitaji kasisi. Palipo na kasisi mmoja na makanisa mengi, Jumapili nyingi huwa za msomaji, na kasisi anapofika ni siku ya sakramenti. Mpangilio huo wa karne ya 19 bado upo. Msomaji huandaliwa na kasisi wake, hupewa kibali na askofu, huvaa kanzu na skafu ya buluu, na siku ya Jumatatu hurudi katika kazi yake ya ualimu, ufundi au duka.

Isidhaniwe kwamba kila mlei aliyepewa mamlaka aliyatumia vyema. J. R. Streeter, msimamizi mlei wa Frere Town mwishoni mwa miaka ya 1870, aliongoza kijiji kwa viboko na vifungo mpaka habari zikafika London, na Price akarudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 kurekebisha mambo. Watu waliokimbia mjeledi wa bwana waliukuta mjeledi mwingine ukiwa mikononi mwa mtu aliyesali nao Jumapili. Kwa upande wa pili yupo David Koi, mlei wa Kigiriama aliyekuwa na Wakristo na watoro wa utumwa huko Fuladoyo, ambaye aliuawa mwaka 1883. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi Jones na Semler, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuhubiri kama walei. George David alikuwa ameshafariki. Mwaka huohuo Jones alifuatana na Hannington katika safari ya Uganda ambamo askofu aliuawa Busoga, na ni Jones aliyeurudisha msafara uliosalia hadi Rabai mwanzoni mwa 1886.

Upande wa Changamwe historia ilipita kwa Wamethodisti. Thomas Wakefield alianza Ribe mwaka 1862 kwa niaba ya United Methodist Free Churches, na kituo kingine kikawekwa Jomvu, kwenye hori linalopanda kutoka bandarini. Wamethodisti walikuja na utaratibu ambao ulimtegemea mlei waziwazi. Makanisa kadhaa hukusanywa katika sakiti moja chini ya mchungaji mmoja, kisha hutolewa orodha ya miezi 3 inayoonyesha nani atahubiri wapi Jumapili gani. Majina mengi katika orodha hiyo ni ya wahubiri wa mahali. Mtu hukubaliwa kwanza kwa majaribio, huhubiri mbele ya wanaompima, hujibu maswali ya mafundisho, na baadaye ndipo hukubaliwa kamili. Matokeo yake ni kwamba waumini wa Jomvu na Mikindani wamezoea sauti mpya kila wiki, na wamezoea kulinganisha. Kanisa la Kimethodisti lilipata kujitawala mwaka 1967, lakini orodha ya miezi 3 ilibaki kama ilivyokuwa.

CMS nayo iliona kwamba mafunzo ya walei hayatoshi. Chuo cha theolojia kilichoanzishwa Frere Town mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kuhama huko kulilingana na mkondo wa nchi. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imepeleka uzito wa Kenya bara, na wana wa Frere Town waliosoma walitawanyika wakawa makarani, walimu na wakalimani. Kijiji kilichowahi kutuma wahubiri hadi vilimani kikaanza kupungukiwa na vijana wake.

Reli hiyohiyo ilirudisha watu kwa njia nyingine. Gati za maji marefu za Kilindini zilifunguliwa mwaka 1926, kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kikaanza kazi mwaka 1963, na Wataita, Wakamba, Waluhya, Wajaluo na wengine wakaja kutafuta kibarua na kupanga vyumba Changamwe, Chaani, Port Reitz na Likoni. Walikuja na makanisa yao, na tabia zao za Jumapili. Mtu anayefanya kazi kwa zamu bandarini hawezi kungoja ibada ya saa 4. Anataka ya saa 1 ili awahi zamu, au ya jioni akishatoka. Mkamba aliye mbali na kwao anataka angalau ibada moja kwa mwezi ambayo wimbo na salamu ni za Kikamba. Ndivyo makanisa ya ng'ambo yalivyofikia kugawa Jumapili: ya Kiingereza mapema, ya Kiswahili baadaye, na ya lugha ya nyumbani mchana kwa wanaoihitaji. Msemaji wa ibada hizo za lugha ya nyumbani karibu kila mara ni mlei, fundi au karani ambaye kwao angekuwa mzee wa kijiji.

Mabadiliko makubwa zaidi ya namna ya kusema kanisani yaliletwa na uamsho. Ule wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda ulifika Kenya mwaka 1937, ukaleta ushuhuda: mtu husimama, husema jina lake, huungama dhambi yake kwa jina, hueleza siku aliyookoka. Mamlaka yake hayatokani na kibali cha askofu bali na maisha yake yanayojulikana na waliokaa naye. Mwaka 1957 mhubiri Mmarekani T. L. Osborn alifanya mkutano mkubwa Mombasa uliovuta maelfu. Kijana Joe Kayo, ambaye baadaye alianzisha Deliverance Church, aliokoka katika mkutano huo. Kutoka hapo Upentekoste ukaenea ng'ambo katika majengo ya mabati, madarasa ya shule siku za Jumapili na mahema. Hata Waanglikana wa zamani walianza kutazamia mambo ambayo babu zao hawakuyatazamia: maombi ya kuponya, mahubiri yasiyosomwa kwenye karatasi, na msemaji anayeitikiwa kila anapotua.

Wakatoliki walifika kwa njia yao. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliingia Mombasa miaka ya 1890, na katika vigango vya ng'ambo katekista ndiye aliyekuwa uso wa kanisa. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 Misa ilisomwa kwa Kilatini, na katekista alikuwa wa kufundisha zaidi ya kuhubiri. Baada ya hapo Kiswahili kiliingia altareni, na maaskofu wa Afrika Mashariki katika mikutano yao ya 1973 na 1976 wakazifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa maisha ya parokia. Padri asipofika, katekista huongoza ibada ya Neno. Katika jumuiya, inayokutana nyumbani kwa mtu, mama muuza samaki anaweza kuongoza tafakari ya Injili na mwalimu wa sekondari akasikiliza. Kwaya zao pia ziliiingiza kayamba, ile bapa ya mabua yenye mbegu ndani ambayo Wamijikenda waliitumia katika ngoma zao za uganga, na leo hakuna mtu Kisauni anayeshangaa kuisikia ikitikiswa wakati wa Utukufu.

Ibada ya Jumapili ya kawaida ng'ambo, iwe ya Kianglikana au ya Kimethodisti, ina sehemu ambazo hazimo katika kitabu chochote na ambazo hakuna anayethubutu kuziacha. Wageni husimamishwa wajitambulishe, na hupigiwa makofi. Matangazo huchukua muda wake: harusi, matanga, mkutano wa akina mama, hesabu ya sadaka ya wiki iliyopita hadi shilingi ya mwisho. Hesabu hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa maana mweka hazina asiyesoma tarakimu hadharani huanza kushukiwa wiki hiyohiyo. Kisha huja mnada. Asiye na fedha ameleta mkungu wa ndizi, mayai, nazi au jogoo aliyefungwa miguu, na mzee wa kanisa hunadi huku watu wakipandisha bei wakijua wazi kwamba nazi sokoni Kongowea ni rahisi zaidi. Jogoo akinunuliwa, mara nyingi mnunuzi humzawadia mjane aliye safu ya nyuma, na watu hupiga vigelegele.

Anayesimama kuhubiri katikati ya mambo hayo hupimwa kwa vipimo vya miaka mingi. Anatakiwa aanze na salamu, Bwana asifiwe, na angoje jibu. Anatakiwa ashikamane na somo lililosomwa. Anayesoma mstari mmoja kisha akasimulia mambo yake husemwa njiani. Kiswahili chake kiwe safi lakini kisiwe cha kujionyesha. Asiseme kwa jina kosa la mtu aliyeketi mbele yake, wala asilifumbe kiasi kwamba watu wote wanalitambua. Ajue saa. Zaidi ya yote, anajulikana anakoishi, na majirani wanajua kama amelipa kodi ya nyumba na jinsi anavyosema na mkewe. Kasisi huhamishwa baada ya miaka michache na makosa yake huhama naye. Mhubiri mlei atakutana na wasikilizaji wake kesho foleni ya maji. Ndiyo sababu neno lake huwa na uzito, na ndiyo sababu likidanganya halisahauliki.

Wanasiasa waliliona jukwaa hilo na kulitamani. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi mheshimiwa akija na bahasha ya harambee apewe kipaza sauti baada ya mahubiri, na waumini wakajikuta wakisikiliza matusi ya kampeni chini ya msalaba. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na ulichelewa: mlei wa kawaida hupimwa kabla ya kupewa mimbari, na hapakuwa na sababu ya kumsamehe kipimo hicho aliye na fedha.

Likoni imeifunza ng'ambo jambo jingine. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na machafuko yakawafukuza watu wa bara kutoka nyumba zao. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la hapo na kulala uwanjani mwake. Kengeleni ilikuwa imetokea tena, safari hii ng'ambo ya kusini. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la Joy in Jesus, Likoni, wakati wa ibada, wakafyatulia waumini risasi na kuua watu wasiopungua 4. Tangu hapo mlango wa kanisa umekuwa na kazi mpya. Mikoba hufunguliwa, kifaa cha kukagua hupitishwa mwilini, na vijana wa zamu hukosa mahubiri ili wengine wayasikie. Muumini wa Likoni sasa hutazamia kukaguliwa, na mahali asipokaguliwa huketi karibu na mlango.

Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa tena Julai, ilikuwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na wenye umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wakae nyumbani. Makanisa yaliyozoea ibada ya muda wa saa 3 yalilazimika kuamua nini ni cha lazima. Mnada uliondoka, wageni hawakusimamishwa, kwaya zilipunguzwa, sadaka ikatumwa kwa M-Pesa. Kwa kuwa 100 hawakuwa wote, ibada ziliongezwa, na kasisi mmoja hakuweza kuziongoza zote. Wasomaji na wahubiri wa mahali wakarudi kufanya kazi ambayo Jones na Semler waliifanya. Masharti yalipoondolewa, ibada zilirefuka tena, na mnada ukarejea kabla ya mambo mengine. Sadaka ya simu haikuondoka, na nambari yake sasa imebandikwa ukutani, kando ya orodha ya wahubiri wa miezi 3 ijayo.